Nyuma ya jina Kevin: kutoka Dublin hadi Arklow

Ukisimama kwenye stendi yoyote ya matatu hapa Kenya ukaita "Kevo!", vijana kadhaa watageuka. Jina limezoeleka kiasi kwamba wengi hudhani ni la Kiingereza tu, kama George au Charles. Chimbuko lake ni Ireland, na aliyelifanya lijulikane ni mtawa wa karne ya 6 aliyejitenga katika bonde moja la milima ya Wicklow, kusini ya Dublin. Sisi wanawake tunaoitwa Kevina lilitufikia kwa njia nyingine, kupitia binti wa Arklow, mji wa bandari hukohuko Ireland, aliyefika Uganda Januari 1903. Nyanya yangu mzaa mama alizaliwa Nsambya, Kampala, akaitwa Kevina, nami nikapewa jina lake. Nilitaka kuifuata njia hiyo kwa miguu yangu mwenyewe, na nifike bondeni tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Kevin.

Haya nimeyapanga baada ya kurudi nyumbani Busia, kutokana na daftari nililoandika kila jioni na picha za simu. Bei ni zile nilizolipa mimi. Ulizia upya kabla ya kusafiri.

Kwanza viza. Ireland ina viza yake. Ya Schengen haikuingizi, na ya Uingereza usiitegemee. Ya kuingia mara moja nililipia euro 60, kama shilingi 9,000 za Kenya. Anza mapema, na andika barua fupi inayoeleza kwa nini unakwenda. Yangu ilisema ninakwenda kuona mahali jina langu lilikotoka, na hakuna aliyeniuliza zaidi.

Ijumaa, 30 Mei. Dublin

Safari ya ndege naiacha. Ilikuwa ndefu na usingizi haukuja. Uwanjani nilinunua Leap Card, kadi ya nauli inayotumika kwenye mabasi, tramu na treni za jiji. Basi la kawaida hadi katikati ya mji lilinikata euro 2, wakati yale ya moja kwa moja yanatoza mara kadhaa ya hiyo. Kitanda kwenye hosteli, chumba cha watu wanane, euro 38. Dublin ni ghali, tena mwisho wa wiki wa sikukuu bei hupanda.

Jioni kulikuwa bado na jua kali saa mbili usiku, jambo ambalo mtu wa ikweta hulizoea polepole. Nikatembea hadi Kevin Street, na nyuma yake Camden Row, ambako kuna bustani ndogo iliyokuwa uwanja wa kanisa la Mtakatifu Kevin. Kanisa limebaki kuta bila paa. Mawe ya makaburi yameegemezwa ukutani. Hapa ndipo alipozikwa Askofu Mkuu Dermot O'Hurley, aliyenyongwa mwaka 1584 kwa kukataa kuikana imani yake ya Kikatoliki. Mama mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa aliniona nikipiga picha kibao chenye jina, akauliza kama nina ndugu aliyezikwa hapo. Nikamwambia jina langu. Akaniomba nilirudie, kisha akaita mumewe aje asikie: "Anaitwa Kevina, ametoka Kenya!" Walinipeleka kula samaki na chipsi, wakakataa katakata nisilipe.

Wao ndio walionifundisha kulitamka kwa Kiayalandi: Caoimhín, kitu kama "Kwiviin". Umbo la kale ni Cóemgen, na ndani yake mna maneno mawili, upole au uzuri, na kuzaliwa. Aliyezaliwa mpole, basi.

Jumamosi, 31 Mei. Glasnevin

Kwa miaka mia nyingi jina hili halikusambaa. Watu wa Wicklow na Dublin walilijua kwa sababu ya bonde lao, lakini ukifungua orodha za sensa za 1901 na 1911, ambazo Hifadhi ya Taifa ya Ireland imeziweka mtandaoni bure, utaona Kevin ni wachache mno kando ya akina Patrick, John na Michael. Nilizipitia asubuhi hosteli huku nikinywa chai. Kwa yeyote anayetafuta ukoo au jina la Kiayalandi, hapo ndipo pa kuanzia. Sensa za karne ya 19 usizitafute: karibu zote hazipo, na nyingi ziliteketea mwaka 1922 jengo la kumbukumbu lilipolipuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Ni nini basi kilichobadilisha mambo? Mimi naona mambo matatu yaliyokuja karibu karibu. La kwanza ni uamsho wa lugha: tangu 1893 Conradh na Gaeilge, chama cha kuitetea lugha ya Kiayalandi, kiliwapa watu ari ya kurudia majina ya wazee wao. La pili, Desemba 1903 Papa Pius X aliidhinisha rasmi heshima ya Kevin kama mtakatifu. La tatu limelala Glasnevin.

Makaburi ya Glasnevin yalifunguliwa 1832, na waliozikwa humo ni zaidi ya watu milioni moja. Nilikwenda kwa basi, nauli ileile ya euro 2, nikatafuta kaburi la Kevin Barry. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari Dublin. Septemba 1920 alishiriki shambulio dhidi ya lori la jeshi la Uingereza lililokwenda kuchukua mikate, na wanajeshi watatu wakafa. Alinyongwa katika gereza la Mountjoy tarehe 1 Novemba 1920, akiwa na miaka 18. Alizikwa ndani ya gereza, na miaka 81 ikapita kabla serikali haijamfukua yeye na wenzake tisa na kuwazika upya kwa heshima ya taifa, Oktoba 2001. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya Dedan Kimathi, ambaye kaburi lake la gerezani bado linatafutwa, hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Nilikaa pale muda mrefu. Mzee mmoja aliyekuwa akisafisha kaburi la jirani aliniambia kaka yake aliitwa Kevin kwa ajili ya Barry, na kwamba darasani kwake walikuwa kadhaa, wote kwa sababu hiyohiyo.

Jumapili, 1 Juni. Kuelekea Hollywood

Misa asubuhi, kisha basi namba 65 hadi Blessington. Safari ni ya zaidi ya saa moja, na ukikaa upande wa kushoto utaiona milima ikikaribia. Kijiji nilichokitafuta ni kilomita kadhaa mbele, kinaitwa Hollywood, lakini kwa Kiayalandi ni Cillín Chaoimhín, kanisa dogo la Kevin. Basi la kunifikisha huko lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba, halikuja. Nilisubiri karibu saa mbili. Teksi ya pekee niliyoipigia ilikuwa mbali.

Aliyeniokoa ni mwenye duka la vyakula nililonunua mkate na jibini. Alipofunga duka alinikuta bado kituoni, akasema anapita huko. Hakuwa anapita, niligundua baadaye alipogeuza gari na kurudi njia tuliyojia. Kabla ya kuniacha alinionyesha sanamu ya Mtakatifu Kevin juu ya mwamba, ikiangalia kijiji. Nililala kwa familia inayokodisha chumba, euro 70 pamoja na kifungua kinywa, na kifungua kinywa chenyewe ni mayai, soseji, nyanya za kukaanga, uyoga na mkate wa magadi, chakula cha kumtosha mtu mpaka jioni.

Kwa atakayekuja: Jumatatu ya kwanza ya Juni ni sikukuu ya kitaifa, na mwisho wa wiki wote ule usitegemee usafiri wa vijijini. Nunua chakula Blessington.

Jumatatu, 2 Juni. Njia ya Mtakatifu Kevin

Kilomita 30 kutoka Hollywood hadi Glendalough, bonde lenyewe la Kevin. Ni njia ya kale ya mahujaji, siku hizi imewekewa alama za mtu wa manjano mwenye fimbo, na sikupotea hata mara moja. Mwanzo ni barabara ndogo za mashambani, kondoo huku na huku. Baadaye msitu wa misonobari kando ya mto Kings, kisha nyika ya matope meusi ambamo kiatu huzama hadi kifundo. Vaa buti. Raba zangu zilijaa maji kabla ya saa sita mchana, na kuanzia hapo nilitembea nikisikia soksi zikilia.

Nusu ya kwanza sina mengi ya kusimulia. Niliinua kichwa na kuingia katika mazungumzo nilipofikiwa na kijana Mjerumani mwenye begi kubwa. Tulisalimiana, tukatajiana majina, tukasimama katikati ya njia: yeye ni Kevin. Amezaliwa mwaka 1991, mwaka ambao Kevin liliongoza kwa wavulana waliozaliwa Ujerumani. Ufaransa nayo jina lilishika namba moja miaka hiyo. Mama yake alilipenda kutoka kwenye filamu ya Marekani ya 1990, ile ya mtoto aliyesahaulika nyumbani wakati wa Krismasi. Baba yake alilikubali kwa sababu ya Kevin Keegan, mchezaji wa Uingereza mwenye asili ya Ireland aliyeichezea Hamburg kuanzia 1977 hadi 1980 na kuchaguliwa mara mbili kuwa mchezaji bora wa Ulaya.

Kisha akanieleza jambo lililonisikitisha. Kwao jina liligeuka mzigo. Familia za kawaida ndizo zilizolipenda zaidi, na wenye elimu na fedha wakaanza kulidharau. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Oldenburg kilichapisha matokeo ya kuwauliza walimu wa shule za msingi kuhusu majina ya watoto, na Kevin likaonekana jina la mtoto msumbufu. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina bali ni utambuzi wa ugonjwa. Mwenzangu alikuwa na miaka 18 maneno hayo yalipozagaa magazetini. Alisema alipokuwa akitafuta kazi aliandika jina lake la pili tu. Sasa amekuja kutembea njia ya mwenye jina, peke yake, na hakuwa amemwambia mtu sababu. Nilimwambia kwetu Kevin ni daktari, ni fundi, ni padri, ni mwalimu, na hakuna anayeguna akilisikia. Aliomba nirudie. Nikarudia.

Mvua ilitukuta karibu na Wicklow Gap, mita 478 juu ya bahari. Hapo kuna vipande vya barabara ya kale ya mahujaji, mabamba ya mawe yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, mengine yamefunikwa na majani. Mlima wa pili una bwawa la umeme la Turlough Hill kileleni: usiku maji husukumwa juu, mchana huachiwa yashuke yazungushe mitambo. Wazee wawili, mume na mke, walikuwa wameegesha gari wakitazama mvua. Walituita ndani, wakatupa chai ya chupa na biskuti, na yule bibi akatoa soksi za sufu alizokuwa amezihifadhi kwenye begi lake akanipa. Nilipotaka kumwandikia anwani yangu nimrudishie alisema, "Mpe mwingine huko kwenu."

Kushuka ni kupitia bonde la Glendasan, katikati ya magofu ya wachimba madini ya risasi wa zamani. Tulifika jioni, miguu haitaki tena. Kitanda kilikuwa Laragh, kilomita mbili mbele, euro 45.

Jumanne, 3 Juni. Glendalough

Nilifika langoni kabla ya mabasi ya watalii, na huo ndio ushauri wangu mkubwa kwenye safari nzima: lala karibu, amka mapema. Kuingia kwenye magofu ni bure. Malipo ni madogo kwenye jengo la wageni, na yapo mengine kwa wenye magari kule ziwa la juu.

Unaingia kupitia matao mawili ya mawe, lango la mwisho la monasteri la aina hiyo lililobaki Ireland. Ndani kuna mnara wa mviringo wa kama mita 30, mwembamba, mlango wake uko juu kuliko kichwa cha mtu. Kuna kanisa kuu lisilo na paa. Kuna kanisa dogo lenye paa la mawe na kimnara kinachofanana na dohani, ndiyo maana watu huliita Jiko la Kevin. Haya yote yalijengwa baada yake. Mwenyewe alikuja bondeni kutafuta upweke, wanafunzi wakamfuata, na kilichoanza kama pango kikawa mji wa watawa. Kumbukumbu za kale zinataja kifo chake mwaka 618 na kumpa miaka 120 ya kuishi. Ilisemwa hija saba za Glendalough ni sawa na moja ya Roma. Waingereza waliuchoma mji huo mwaka 1398, na haukurudi tena katika hadhi yake.

Hadithi zilibaki. Ile ninayoipenda iliandikwa na Gerald wa Wales katika karne ya 12. Kevin alikuwa akisali wakati wa Kwaresima, mkono umenyooshwa dirishani, kiganja juu. Ndege mweusi akatua, akatengeneza kiota, akataga. Kevin hakuurudisha mkono mpaka makinda yalipoanguliwa. Kuna pia jiwe lenye shimo ng'ambo ya mto, ambapo inasimuliwa paa jike alikuja kumimina maziwa kila siku kwa ajili ya watoto waliofiwa na mama yao. Nyingine inasema alimtumbukiza ziwani mwanamke aliyempenda. Hiyo siikubali. Haifanani na mtu wa ndege yule, na naona ni ya waimbaji wa baadaye waliotaka kuwafurahisha watalii.

Njia ya ziwa la juu ni mwendo wa nusu saa hivi. Kitanda cha Kevin, pango dogo kwenye ukuta wa mwamba juu ya maji, unakiona kutoka ng'ambo tu, usijaribu kukifikia. Zamani tarehe 3 Juni maelfu walijaa hapa, wakisali asubuhi na kunywa mchana, na jioni koo zikipigana kwa marungu, mpaka Askofu Mkuu Paul Cullen, baadaye Kardinali, alipoyapiga marufuku mwaka 1862. Siku yangu kulikuwa na watoto wa shule, watu wachache wenye rozari, na Kevin wa Ujerumani aliyekaa ukingoni mwa ziwa bila viatu. Niliwasha mshumaa kwa nyanya. Supu ya viazi na mkate, euro 9, nikala nje juani.

Jumatano, 4 Juni. Arklow

Basi dogo la vijijini hadi Rathdrum, dereva akisalimia kila mtu kwa jina, kisha treni hadi Arklow, safari fupi ya bonde la kijani. Watalii wengi hawashuki hapa. Ni mji wa bandari, mto Avoca unaingia baharini, maduka ya kawaida, watu na shughuli zao. Mimi ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Teresa Kearney alizaliwa Knockenrahan, nje kidogo ya Arklow, tarehe 28 Aprili 1875. Baba yake alikufa kabla hajazaliwa, mama akafariki yeye akiwa na miaka kumi, akalelewa na bibi yake. Alijiunga na masista wa Kifransisko wa Mill Hill, London, na mwaka 1898 alipoweka nadhiri akachukua jina Kevin, mtakatifu wa milima ya kwao. Kumbuka ni miaka mitano kabla ya idhini ya Roma; watu wa Wicklow hawakuisubiri. Alitamani kutumwa kwa Wamarekani Weusi. Badala yake, Desemba 1902, alipandishwa meli pamoja na wenzake watano kwenda Uganda. Walifika Nsambya mwezi uliofuata.

Walianza na zahanati chini ya mwembe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwauguza wapagazi wa Carrier Corps, watu walewale ambao Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi zimebeba jina lao. Baadaye alianzisha mafunzo ya wauguzi na wakunga, na mwaka 1923 shirika la masista Waafrika, Little Sisters of St Francis, huko Nkokonjeru. Waganda walimwita Mama Kevina. Jina likapita mtu: hospitali au nyumba ya huruma ikaitwa kevina, na wazazi wakawapa mabinti zao jina hilo. Kwa hiyo jina la mwanamume wa pangoni lilifika kwetu likiwa la mwanamke, miongo mingi kabla ya filamu na Keegan.

Sikuwa na anwani, nilikuwa na jina tu. Katika kanisa la parokia nilimkuta bibi akibadilisha maua altareni. Nilipomweleza alikaa kwenye benchi, akanishika mkono. Shangazi yake alikuwa sista Uganda miaka mingi, na alipokuwa mtoto walikuwa wakipokea barua zenye stempu za korongo. Alinipeleka Knockenrahan kwa gari lake, tukasimama kando ya barabara, mashamba pande zote, bahari kwa mbali. Aliniuliza nyanya alikuwa mtu wa namna gani. Nikamsimulia, na sikuona saa zikipita. Nilikosa treni niliyokuwa nimeikusudia, akanilisha kwake kuku na viazi vya kuponda, kisha akanirudisha stesheni kwa ile ya mwisho.

Reli ya Arklow hadi Dublin inapita kando kabisa ya bahari ukikaribia Bray. Kaa upande wa kulia.

Mama Kevina alifariki Boston tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake uliletwa kwanza Ireland, lakini Wakatoliki wa Uganda waliomba arudi kwao, akasafirishwa na kuzikwa Nkokonjeru, wilaya ya Buikwe, mashariki ya Kampala. Kwa sisi wa Busia ni safari ya siku moja kwa matatu, na haihitaji viza. Mama yangu hajawahi kufika. Tumekubaliana kwenda Oktoba, na yule bibi wa Arklow ameniomba nimpigie picha kaburi. Soksi tayari nimempa binti wa jirani anayeanza shule ya bweni Eldoret, kule kwenye baridi.